Angkor haikuangushwa na upanga peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijadili makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu dola za kale za Kihindu na za Kibuddha za kusini na kusini-mashariki mwa Asia. Niliisoma kwa furaha, kwa kuwa ni nadra magazeti yetu kuandika juu ya historia ya upande ule wa Asia, na mwandishi alieleza vizuri namna dola hizo zilivyochipuka. Alipofika kwenye kuanguka kwake, hata hivyo, alihitimisha kwa sentensi moja tu kwamba zote zilimalizwa kwa upanga wa wavamizi wa dini nyingine. Hapo sikubaliani naye, na kwa kuwa wanafunzi wa sekondari hapa Tabora husoma gazeti hili na kulinukuu darasani, naona si vema jambo hilo likaachwa lipite.

Sikatai kwamba zipo dola zilizovunjwa na vita. Vijayanagara, dola ya Kihindu ya kusini mwa India iliyoasisiwa mwaka 1336, ilipata pigo kubwa katika mapigano ya Talikota mwaka 1565, na mji wake mkuu, ambao magofu yake yako Hampi, uliporwa na kuhamwa. Chuo cha watawa cha Nalanda nacho kilishambuliwa karibu na mwaka 1200. Lakini ukiifanya mifano hiyo kuwa kanuni ya dola zote, utapata shida kuieleza Srivijaya, na Angkor ya Kambodia hutaieleza kabisa.

Srivijaya ilikuwa dola ya Kibuddha iliyoinuka katika karne ya 7, makao yake yakiwa Palembang, katika kisiwa cha Sumatra. Yijing, mtawa wa Kichina aliyefika huko mwaka 671 akiwa njiani kwenda India, alikaa miezi sita akijifunza sarufi ya Kisanskriti, na baadaye aliandika kwamba mji ule ulikuwa na watawa zaidi ya 1,000, akawashauri wenzake waanzie masomo yao hapo kabla ya kuendelea na safari. Utajiri uliowalisha watawa hao ulitoka hasa baharini. Meli za kati ya India na China zilipita katika Mlango-Bahari wa Malacca, zikatia nanga kungoja pepo zigeuke, zikauza, zikanunua na kulipa ushuru. Sisi wa Tabora hatuhitaji maelezo marefu ili tuielewe dola ya namna hiyo, maana Mtemi Mirambo alipata nguvu kwa kuishika njia ya misafara ya kwenda Ujiji na kutoza hongo, yaani ushuru wa njia, na alipofariki mwaka 1884 dola yake haikuchukua muda mrefu kusambaratika.

Mwaka 1025 mfalme Rajendra Chola wa kusini mwa India alituma jeshi la majini likazipora bandari za Srivijaya. Rajendra alikuwa Mhindu na waliopigwa walikuwa Wabuddha, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba hivyo vilikuwa vita vya dini. Lakini miaka kama ishirini kabla ya hapo, mfalme wa Srivijaya alijenga makao ya watawa wa Kibuddha huko Nagapattinam, ndani ya nchi ya Wachola wenyewe, na Rajaraja, baba yake Rajendra, akayatengea mapato ya kijiji kizima. Watu waliosaidiana hivyo katika ibada walikuja kupigana kwa sababu ya meli na ushuru. Tena pigo lile halikuimaliza Srivijaya siku hiyo. Iliendelea kudhoofika kwa muda mrefu, hasa wafanyabiashara wa Kichina walipozidi kusafiri kwa meli zao wenyewe hadi kwenye bandari zilikotoka bidhaa, wasimhitaji tena mtu wa kati.

Kuhusu Angkor, dola ya Wakhmer katika nchi ya Kambodia, hoja ya makala ile inakosa mguu wa kusimamia. Dola hiyo huhesabiwa tangu mwaka 802, Jayavarman wa Pili alipotawazwa. Katika karne ya 12 Suryavarman wa Pili alijenga hekalu la Angkor Wat kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Wahindu, na kabla karne hiyo haijaisha Jayavarman wa Saba, Mbuddha aliyeshika kiti mwaka 1181, akaifikisha dola kwenye kilele chake. Maandishi ya jiwe katika hekalu la Ta Prohm yanataja hospitali 102 katika ufalme wake. Baada yake sanamu nyingi za Buddha zilikwanguliwa na Wakhmer waliorudi katika Uhindu, na bado dola haikufa. Zhou Daguan, aliyefika na ujumbe wa China mwaka 1296, alikuta mji wenye shughuli nyingi, ambako biashara ya sokoni ilikuwa mikononi mwa wanawake: kila mmoja alitandika mkeka wake chini, akapanga bidhaa juu yake, na akalipia mahali alipokaa.

Mji huo, unaokadiriwa kuwa na watu 700,000 hadi 900,000 ulipokuwa umestawi, uliishi kwa maji yaliyokusanywa. Bwawa la magharibi peke yake lina urefu wa kilomita 8 na upana unaozidi kilomita 2, na mifereji iliyoliunganisha na mito na mashamba ya mpunga ilihitaji kuzibuliwa na kukarabatiwa kila mara. Sisi tuliokunywa maji ya Bwawa la Igombe kwa miaka mingi kabla ya bomba la Ziwa Victoria kutufikia tunajua bwawa linavyodai kuangaliwa. Pete za ukuaji wa kila mwaka katika mashina ya miti ya kale iliyochunguzwa Vietnam zinaonyesha kwamba katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15 eneo lile lilipatwa na ukame wa miaka mfululizo, uliochanganyika na misimu ya mvua kali kupita kiasi. Mafuriko yalibomoa mifereji na kuijaza mchanga, na watu wakawa wamekwisha kuanza kuhama kabla jeshi la Ayutthaya, ufalme wa Wathai, halijauteka mji mwaka 1431. Jeshi hilo lilikuwa la Wabuddha wa Theravada, na Wakhmer waliotekwa, kufikia wakati huo, walikuwa wa madhehebu hayo hayo. Wavamizi wa dini nyingine wako wapi hapo?

Makala ilisema pia kwamba Angkor Wat lilisahauliwa msituni hadi Mfaransa alipoligundua katika karne ya 19. Henri Mouhot alifika mwaka 1860 na maandishi yake yakalipa umaarufu Ulaya, lakini watawa hawakuwahi kuliacha hekalu lile, na mwaka 1632 mhujaji kutoka Japani aliandika kwa wino kwenye nguzo yake kwamba alileta sanamu nne za Buddha. Naomba sehemu hizo mbili zisahihishwe katika toleo lijalo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tabora