Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo, Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIKATABA NA NAFASI ZA MAKOCHA WASAIDIZI WA TIMU YA SOKA YA WANAWAKE

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua fika kwamba utahitaji mtu wa kukutafsiria, lakini sina wasiwasi juu ya hilo, kwa kuwa chuo chako chenyewe kinafundisha lugha hii na mkalimani hatakosekana hapohapo Chapel Hill. Isitoshe, sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Durham, Raleigh na Greensboro hununua tiketi na kuwaleta mabinti zetu uwanjani kwako, na mabishano yetu yote kuhusu timu hii huendeshwa kwa Kiswahili. Ningependa wenzangu wayasome nitakayoyasema kabla hujayajibu.

Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi yake: lipe benchi zima la ufundi la timu ya wanawake ulinzi ambao hadi sasa umezoeleka kupewa mtu mmoja anayesimama mbele ya kamera.

Nianze na mwaka 2024, kwa sababu mwaka huo ulitoa ushahidi ambao hapo awali tulikuwa tunaukisia tu vibarazani. Mnamo Januari timu iliwapoteza Ally Sentnor na Savy King, ambao walichaguliwa wa kwanza na wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya wanawake. Kisha Agosti, siku chache kabla ya msimu kuanza, Anson Dorrance, aliyeiongoza timu hii tangu ilipoanza mwaka 1979 na kushinda nayo mechi zaidi ya 900, akatangaza kwamba anastaafu. Timu ilikuwa haijatwaa ubingwa wa taifa tangu 2012, na katika kipindi hicho ilikuwa imeshindwa katika fainali tatu, za 2018, 2019 na 2022, ile ya mwisho ikiwa imeongoza kwa mabao mawili dhidi ya UCLA kabla ya kupokonywa kombe katika muda wa nyongeza. Timu ya namna hiyo, iliyobaki bila nyota wake na bila baba yake, kwa kawaida husamehewa mapema. Mashabiki husema mwaka huu ni wa kujijenga, kisha hugeukia mpira wa kikapu.

Badala yake, kiti cha ukaimu alikalia Damon Nahas, kocha msaidizi, na tarehe 9 Desemba huko Cary timu ikaifunga Wake Forest bao 1-0 na kutwaa ubingwa wake wa 22 wa NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani), ambao ni wa 23 ukihesabu na ule wa 1981, uliotolewa na chama cha michezo cha wanawake kabla NCAA haijaanzisha mashindano yake mwaka uliofuata. Niliwasikia watu wakiuita muujiza. Mimi naona neno hilo linawadhulumu waliofanya kazi. Mtu aliyeshika usukani Agosti hakuwa mgeni anayejifunza majina ya wachezaji. Alikuwa tayari anajua nani hucheza vizuri akikemewa na nani hunyong'onyea, na nani alikuja Chapel Hill kwa sababu ya maongezi ya simu na msaidizi fulani, wala si kwa sababu ya picha ya Mia Hamm, nyota wa zamani wa timu hii, ukutani.

Sasa naomba ukumbuke kilichotokea baada ya fainali hiyo. Siku mbili tu baadaye chuo kilitangaza kumwajiri Bill Belichick kuifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani, kwa mshahara wa dola milioni 10 kwa mwaka, na katika makubaliano hayo mkatenga pia fungu la mamilioni kwa ajili ya makocha wasaidizi wake. Sikulaumu kwa hilo, maana futiboli ndiyo inayoleta fedha na kila mtu hapa analijua. Ninachosema ni kwamba chuo kilionyesha, kwa maandishi, kwamba kinaelewa kuwa kocha mkuu bila wasaidizi wanaolipwa vizuri ni jina tu. Elimu hiyo mnayo. Inahitaji kuvushwa barabara hadi kwenye uwanja wa soka.

Nina sababu ya kuharakisha. Tangu Julai 2025, kufuatia mapatano ya kesi kati ya wanamichezo na NCAA, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza kikawekwa takriban dola milioni 20.5. Sehemu kubwa ya fedha hizo inaelekea kwenye futiboli na kikapu, nazo lazima zitoke mahali fulani. Kikosi cha soka la wanawake nacho kimewekewa ukomo wa wachezaji 28, jambo ambalo kwenye karatasi linaweza kumfanya mhasibu aamini kwamba timu ndogo inahitaji makocha wachache. Naomba asiaminiwe. Kikosi kinapopungua, kila mchezaji aliyebaki anahitaji kuangaliwa kwa ukaribu zaidi, hasa yule asiyecheza, kwa kuwa yeye ndiye atakayeingia mwenzake akiumia.

Huyo asiyecheza ndiye aliyenifungua macho. Msimu mmoja niliwahi uwanjani saa nzima kabla ya mechi, nikakaa safu ya tatu nyuma ya lango. Makipa walikuwa wakipasha misuli. Kipa wa kwanza alipomaliza na kwenda zake, kocha mmoja msaidizi, ambaye sitamtaja maana hajaniomba nimtangaze, alibaki na kipa wa akiba, binti ambaye uwanja mzima ulijua hatagusa mpira siku hiyo. Akampigia krosi moja baada ya nyingine, kutoka kulia, kisha kushoto, na kila binti alipoudaka mpira ilimbidi aitaje kwa sauti rangi ya koni ambayo kocha alikuwa ameinyanyua kwa mkono mwingine, ili ajizoeze kudaka huku macho yakifanya kazi nyingine. Alipokosea rangi, walirudia. Walipomaliza, kocha yule aliokota koni zake mwenyewe na kuzipanga kwa rangi, nyekundu ndani ya nyekundu, huku kamera zote zikiwa upande wa pili zikimhoji kocha mkuu. Nilihesabu krosi thelathini na saba, halafu watu wakajaa mbele yangu nikashindwa kuendelea.

Kazi za aina hiyo ndizo zilizoijenga programu hii. Mfumo ambao Dorrance alisifiwa kwao duniani kote, ule wa kuyageuza mazoezi kuwa tanuru la ushindani ambamo kila kitu kinahesabiwa, aliuchota kwa Dean Smith, kocha wa kikapu wa chuo hikihiki, ambaye alikuwa akiandikisha takwimu za mazoezi kama wengine wanavyoandikisha za mechi. Mbio, mashuti, vichwa, mapambano ya mmoja kwa mmoja, mechi ndogondogo za wachezaji wachache: mshindi na mshindwa wote huandikwa, kisha majina hupangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kubandikwa mahali ambapo kila mchezaji atayaona. Wazo zuri, lakini wazo haliandiki namba. Mtu fulani lazima asimame pembeni ya uwanja kwenye jua la Agosti la Carolina akiwa na kalamu na ubao, aandike kila siku, mwaka baada ya mwaka, na asikosee, kwa sababu mchezaji akigundua kwamba hesabu ina upendeleo tanuru lote linazimika.

Bill Palladino, ambaye wachezaji humwita Dino, alikaa kwenye benchi hilo takriban miaka 40. Alisoma na kucheza mpira na Dorrance hapo Chapel Hill, na kwa simulizi za wachezaji wengi wa zamani ndiye aliyekuwa mtulizaji wakati mkubwa wake alipokuwa mchochezi. Chris Ducar aliwanoa makipa na kusimamia usajili kwa zaidi ya miaka 20. Hebu jiulize ni nani aliyekuwa akipanda ndege kwenda kutazama mechi za wasichana wa miaka 16 wakati kocha mkuu anafundisha. Lucy Bronze alitoka Uingereza akiwa bado hajulikani, akatwaa ubingwa na timu yako mwaka 2009. Alessia Russo na Lotte Wubben-Moy wakafuata miaka michache baadaye. Na wote watatu walikuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2022. Jicho la mtu mmoja halifiki huko kote, hata kama mtu huyo ni Dorrance, aliyezaliwa India na kuishi Kenya na Ethiopia utotoni. (Jamaa zangu wa Nairobi hawajaacha kudai sehemu yao ya makombe kwa sababu ya ile miaka aliyokaa kwao. Nimewashauri wakuandikie wenyewe.)

Katika vyuo vingi vya Marekani msaidizi huishi kwa hisani ya kocha mkuu. Bosi akiondoka, naye hufungasha. Natambua kwamba kocha mpya anapaswa kuwa na uhuru wa kuchagua watu wake. Hata hivyo, mkataba wa miaka mitatu au minne kwa wasaidizi, unaoheshimiwa hata kocha mkuu akibadilika, haumnyimi mtu uhuru. Unamlazimisha tu afikiri kabla ya kufagia nyumba. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Binti yangu alichezea klabu moja ya vijana hapa jimboni ambayo katika misimu miwili ilibadilisha makocha wanne, kwa kuwa hakuna aliyepewa mkataba wa maana. Kila aliyekuja alianza upya kuuliza majina. Kufikia wa tatu, mtoto alikuwa ameacha kumweleza kocha yeyote kwamba goti linamuuma, na mimi mwenyewe nilikuja kugundua siku aliposhindwa kushuka ngazi. Hakuna aliyekuwa mbaya miongoni mwa makocha wale. Walikuwa wapita njia tu.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi ya wenzangu walinisihi nisifike. Tangu 1979 timu hii imekuwa na makocha wakuu wawili, na wote ni wanaume. Sidai Nahas aondolewe, mtu amekuletea kombe. Lakini tazama orodha ya wanawake waliopita mikononi mwenu kisha wakafundisha kwingine. April Heinrichs aliiongoza Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki huko Athens mwaka 2004. Tracey Leone aliwafundisha vijana wa Marekani waliotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa wasichana wa chini ya miaka 19, mwaka 2002. Cindy Parlow Cone aliwahi kukaa kwenye benchi lenu kama msaidizi, akaenda Portland na kutwaa ubingwa wa msimu wa kwanza wa ligi ya NWSL mwaka 2013, na leo ndiye rais wa shirikisho la soka la Marekani. Na Carla Overbeck, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1999, alikaa miaka mingi kwenye benchi la Duke, mahasimu wenu, mwendo wa dakika chache tu kwa gari. Yaani ninyi mlimfunda, wao wakamtumia. Shule inayotoa walimu wa namna hii kwa majirani, huku chumba cha mwalimu mkuu wake hakijawahi kukaliwa na hata mmoja wao, ina deni la maelezo. Naomba angalau nafasi moja ya msaidizi mwandamizi itengwe kwa ajili ya kumwandaa mwanamke kwa ukocha mkuu, kwa mshahara unaomwezesha kukataa kazi ya jirani.

Kuhusu usalama wa wachezaji nitasema kwa ufupi. Mwaka 1998 wachezaji wawili wa zamani walifungua kesi wakilalamikia jinsi kocha wao alivyozungumza nao kuhusu maisha yao ya faragha, na kesi ya mwisho ilimalizika kwa mapatano mwaka 2008, yakiambatana na malipo na barua ya kuomba radhi. Siyarudii hayo ili kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Ila benchi lenye nguvu na linalodumu, kama ninalokuomba ulilinde, laweza pia kuwa ukuta mbele ya binti wa miaka 18 mwenye lalamiko. Kwa hiyo pamoja na mikataba mirefu, awepo mtu ambaye mchezaji anaweza kumwendea, asiyelipwa na timu wala kuripoti kwa kocha yeyote, na jina lake libandikwe palepale yanapobandikwa matokeo ya mazoezi.

Uwanja mnaochezea tangu 2019 mmeupa jina la Dorrance, na ni haki yake. Naomba pia mahali fulani pale, hata kama ni kwenye kibao kidogo karibu na mlango wanaoingilia wachezaji, yaandikwe majina ya wasaidizi wote, pamoja na miaka waliyotumikia, kuanzia Palladino hadi wa sasa, bila kuwasahau wale wenye kalamu na ubao.

Msimu utaanza tena Agosti. Nitakuwa safu ya tatu nyuma ya lango, saa moja kabla ya mechi, pamoja na binti yangu na goti lake lililopona, na safari hii nimepanga kuzihesabu krosi zote.

Wasalaam,

Mzazi na mnunuzi wa tiketi,
Durham, North Carolina