Malalamiko kuhusu vipima presha visivyo na waya kwenye visima vya gesi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: VIPIMA PRESHA 14 NA GETIWEI MLIVYOFUNGA VISIMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kosa linalotutia hofu kuliko yote liko kwenye getiwei, kifaa kinachopokea vipimo kutoka visimani na kuvipeleka chumba cha udhibiti. Betri ya kipima ikifa, skrini ya chumba cha udhibiti huendelea kuonyesha presha ya mwisho kana kwamba kisima bado kinapimwa. Mwendeshaji anaona baa 82 na kuridhika, kumbe namba hiyo ni ya juzi. Chanzo ni mpangilio wenu wa Modbus, lugha ambayo getiwei hutumia kuupa mfumo wa udhibiti namba: rejista, yaani nafasi ya kumbukumbu inayohifadhi kipimo, imeachwa ishikilie kipimo cha zamani mawasiliano yakikatika. Ilitakiwa itoe alama ya kipimo batili pamoja na hali ya kifaa, ili kengele ilie. Kisima cha gesi hakisubiri mtu agundue kwa bahati.

Betri mliahidi zitadumu miaka 10. Umri huo unategemea kifaa kitume kipimo kwa nadra, kama kila sekunde 60, tena pasipo joto kali. Nyinyi mmeweka sekunde 1 kwa vyote 14, ilhali presha tunayofuatilia hubadilika polepole. (Mfumo wa kufunga kisima kwa dharura una waya wake, hautegemei vipima hivi.) Zaidi ya hapo, vipima vitano vilivyo nyuma ya matangi vinapitisha ujumbe kwa mwenzao mmoja tu. Huyo ndiye anayekufa kwanza kwa kubeba mizigo ya wengine, na akizimika, vitano vyote vinapotea kwa mpigo. Kwa mtandao wa WirelessHART, yaani mtandao usio na waya ambamo vipima hupokezana ujumbe hadi kwenye getiwei, mpangaji makini huhakikisha kila kifaa kina majirani wasiopungua watatu.

Antena nazo mmezibana kwenye mabomba, baadhi zimelala. Zisimame wima, kama nusu mita kutoka kwenye chuma kikubwa.

Tunataka rejista zirekebishwe kwanza, ndani ya siku 7, kisha tuchomoe betri ya kipima kimoja mbele yenu tusikie kengele. Baada ya hapo wekeni sekunde 60, ongezeni vifaa viwili vya kupokeza ujumbe nyuma ya matangi, na mlete betri mpya kwa gharama zenu. Ziwe zile zilizotajwa kwenye cheti cha kifaa; betri nyingine yoyote inabatilisha kibali cha kukitumia penye gesi.

Kwa sasa presha inasomwa kwa geji, kisima kwa kisima, kila zamu.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa Vipimo na Udhibiti