Kalsiamu ya chupa nzima na kalsiamu ya juu ni vitu viwili tofauti

Sisi tunapima kwa eksirei ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) zilizo juu kabisa ya maji, na swali tunaloletewa kila mara ni hili: mtu amepima kalsiamu kwenye kimiminika chake, namba ni ileile ya jana, lakini povu la leo limekufa mapema, sasa shida iko wapi? Ni kwamba alichopima ni chupa nzima, wakati povu lenyewe linaishi usoni, pale maji yanapokutana na hewa, na pale juu ayoni hazijipangi kama kule ndani.

Chukua maji yenye kalsiamu milimoli 10 kwa lita. Ukikata tabaka la juu la nanomita 5 (nanomita ni milimita moja ukiigawanya mara milioni), kwenye kila nanomita moja ya mraba unakuta ayoni 0.03 tu, yaani karibu hamna kitu. Sasa tandaza juu yake asidi ya mafuta, unene wa molekuli moja. Zikibanana, kila molekuli inakaa kwenye nanomita za mraba kama 0.2, kwa hiyo zinaingia 5 kwenye nanomita moja ya mraba, na zote zikiwa na chaji hasi moja moja zinataka kalsiamu 2.5 kuzituliza, maana kila kalsiamu ina chaji chanya mbili. Kutoka 0.03 mpaka 2.5! Zaidi ya mara 80, na ukipima chupa huoni kitu.

Kuziona hizo ayoni za juu ndo kazi yetu. Eksirei ukiishusha wima inazama moja kwa moja, ayoni za ndani zinapiga kelele mpaka za juu hazisikiki. Kwa hiyo tunailaza. Kwa eksirei ya kilo-elektronivolti 10 (kipimo cha nishati yake), ukishuka chini ya digrii 0.12 hivi maji yanaikataa, inadunda kama kijiwe bapa ulichokirusha juu ya ziwa, inachoonja ni kama zile nanomita 5 tu. Atomi zilizomo humo zinapigwa na zenyewe zinatoa mwanga wao, nao ni eksirei, wa kalsiamu uko kilo-elektronivolti 3.7, kila elementi ina namba yake, ditekta, kifaa cha kunasa mwanga huo, iko juu inahesabu. Halafu tunapandisha pembe kidogo, mwale unazama, tunapata mwanga wa kalsiamu ya ndani, ambayo kiasi chake tunakijua tayari, na huo ndo mizani ya kupimia ule wa juu.

Ukisikia hivyo unaona rahisi. Lakini maji huwezi kuyainamisha, so inabidi mwale wenyewe uinamishwe kwa kristali, na mwale wa kimo cha mikromita 20 ukiulaza digrii 0.1 unafunika milimita 11 za maji, hizo zote lazima ziwe bapa, wakati maji kwenye kingo za trei yanapanda, kwa hiyo trei inakuwa pana, meza inakuwa ya kuzuia mtikisiko, na mtu akibamiza mlango tunaanza upya. Ndani tunajaza heliamu maana hewa ya kawaida inakula ule mwanga wa kalsiamu. Na mwale mkali hivyo unapatikana kwenye sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi mpaka zitoe eksirei, kama ile ya Grenoble kule Ufaransa, ndo maana tunafanya kwa zamu na lazima u-book mapema.

Kama una maji ya chumvi tupu, bila sabuni wala mafuta juu, tutakwambia mapema kwamba njia hii peke yake haikutoshi. Hesabu za Onsager na Samaras za 1934 zilisema ayoni zinakimbia uso, baadaye ikaonekana bromaidi na iodaidi (ayoni za bromini na iodini) zinapenda kukaa juu kabisa, ila hiyo ni tofauti ndogo sana, ndani ya nanomita 5 inapotea.

Sasa kuhusu chupa ya sampuli unayotutumia, hapa tunaomba sana. Zamu moja tulikaa nusu usiku tunashangaa zinki imetoka wapi, mteja anaapa hajaweka, kumbe kizibo cha mpira. Tuma kwenye kioo kisafi, usiguse mdomo wa chupa kwa kidole maana mafuta ya kidole yanakimbilia hukohuko juu tunakopima, na weka chupa ya pili yenye maji matupu uliyochanganyia.