Mbuzi ya nazi nayo inastahili sanamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipohudhuria kikao cha wananchi katika halmashauri moja ya mwambao, ambayo jina lake nalihifadhi. Tuliitwa kutoa maoni kuhusu sanamu ya kuwekwa katikati ya kipilefti kipya cha kuingilia mjini. Waliotangulia walipendekeza simba, twiga, mwenge na ngao, na mapendekezo yao yote yakaandikwa. Kisha akasimama mama lishe mmoja, akasema kwamba yeye angependa kuona mbuzi ya kukunia nazi, iwe kubwa kupita nyumba, kwa sababu hakuna nyumba katika mji ule ambayo haijala chakula kilichopitia kwenye mbuzi. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti aliomba tuendelee na mapendekezo ya maana, na muhtasari uliposomwa mwishoni, mbuzi haikuwemo.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusimama kumtetea yule mama, nami ni mtu niliyefundisha somo la sanaa katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilichopaswa kukisema siku ile nakisema leo kupitia gazeti lako.

Baada ya kustaafu nilipata nafasi ya kukaa karibu mwaka mzima kwa mwanangu katika mji wa Philadelphia nchini Marekani. Katikati ya mji ule ipo ofisi ya jiji, jengo la mawe lenye mnara mrefu sana, na juu ya kilele chake amesimama William Penn, mwasisi wa jimbo lile, katika sanamu ya shaba yenye urefu wa mita 11. Ni sanamu ya aina tuliyoizoea sote, ya mtu mkubwa aliyeinuliwa mahali pa juu. Lakini ukivuka barabara tu, mbele ya majengo ya ofisi na karibu na ngazi za kushukia kwenye treni za chini ya ardhi, unakutana na kibanio cha nguo. Hakuna neno jingine la kukiita. Ni kibanio kilekile tunachobania kanga kwenye kamba uani, vipande viwili na springi yake, ila hiki ni cha chuma, kina urefu wa karibu mita 14, na kimesimama pale tangu mwaka 1976.

Aliyekibuni ni Claes Oldenburg, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1929, akakulia Chicago, na kufariki New York mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 93. Yeye ni mmoja wa wasanii wakuu wa ile iitwayo sanaa ya pop, iliyoshika kasi Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, pale wasanii walipoacha kutafuta mada zao katika hadithi za wafalme na miungu wakaanza kutazama rafu za duka, meza ya chakula na kabati la jikoni. Andy Warhol ndiye anayejulikana zaidi kwetu, kwa picha zake 32 za makopo ya supu za mwaka 1962. Warhol alikichukua kitu kama kilivyo kwenye tangazo, kikiwa safi na hakijaguswa na mkono wa mtu. Oldenburg alikichukua kama kinavyoishi na watu, kikiwa kimelegea, kimechakaa au kimekalika, na kwa sababu hiyo mimi nampenda zaidi.

Siku za mwanzo nilikipita kile kibanio nikakihesabu kuwa ni kituko cha matajiri wasio na pa kupeleka fedha. Baadaye, kwa kuwa treni zilichelewa na baridi ilinilazimisha kutembeatembea, nilianza kukizunguka. Chuma chake ni cha namna inayoachwa ipate kutu juu ili kutu hiyo izuie kuoza kwa ndani, kwa hiyo kina rangi ya udongo mwekundu uliolowa mvua. Ukikaribia hadi kukigusa, vile vipande viwili vinakoma kuwa kibanio na vinakuwa watu wawili warefu waliosimama kifua kwa kifua, na springi ni mikono yao iliyokumbatia migongo. Nilipomweleza mwanangu alinipeleka kwenye jumba la sanaa la mji huohuo, akanionyesha sanamu ndogo ya mawe ya Constantin Brancusi iitwayo Busu, ya watu wawili walioshikana hadi wakawa jiwe moja, na hapo nikaja kujua kwamba Oldenburg mwenyewe ndiye aliyevilinganisha vitu hivyo viwili. Tena ile springi imepindwa hivi kwamba mtu anaweza kusoma humo tarakimu 76, na mwaka 1976 ndio Marekani ilipotimiza miaka 200 tangu itangaze uhuru wake.

Mhariri, nimeanika nguo tangu nikiwa mtoto wa miaka sita. Vibanio vimepita mikononi mwangu mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuona kwamba vinakumbatiana. Ilibidi mtu akikuze kitu hicho mara mia na zaidi, akisimamishe njiani kwangu, ndipo nikione. Hiyo ndiyo kazi ya sanamu za namna hii, na ndiyo sababu sikubali kwamba pendekezo la yule mama lilikuwa la kuchekesha.

Haikuwa mara ya kwanza kwa watu kucheka. Mwaka 1961 Oldenburg alifungua duka katika mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Manhattan, akajaza humo mikate, nyama, mashati, viatu na keki alizozitengeneza kwa kitambaa kilichochovywa plasta na kutandazwa juu ya wavu wa kufugia kuku, kisha akazipaka rangi ya mafuta kama ilivyotoka koponi. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hilo halipaswi kuwa geni, kwani haikupita miaka kumi kabla Edward Saidi Tingatinga hajaanza kuchora jijini Dar es Salaam, mwaka 1968, juu ya ubao wa dari na kwa rangi za kupakia baiskeli. Wawili hao hawakufahamiana, lakini wote walikamata rangi ambayo fundi wa mtaani alikuwa nayo.

Mwaka 1962 Oldenburg alitengeneza baga ya turubai lililojazwa sponji na maboksi, yenye upana wa zaidi ya mita mbili. Jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, lilipoinunua mwaka 1967, wanafunzi wa sanaa waliandamana wakiwa wamebeba chupa kubwa ya tomato sosi waliyoiunda wenyewe, kwa madai kwamba jumba limejidhalilisha. Baga ile bado ni mali ya jumba hilo. Mke wake wa kwanza, Patty Mucha, ndiye aliyemshonea nyingi katika sanamu hizo laini, na mara nyingi anasahauliwa. Katika lile beseni la choo la plastiki laini la mwaka 1966, lililopo katika jumba la Whitney mjini New York, kilichojazwa ndani ni sufi, sufi hiihii tunayookota chini ya misufi na kujazia mito. Nilipoisoma orodha ya vifaa vya kazi ile nilikumbuka mto wa bibi yangu, ulivyokuwa ukibaki na shimo la kichwa chake hata baada ya yeye kuamka. Sanamu laini ina kumbukumbu ya aina hiyo, ambayo shaba haina.

Kuanzia miaka ya 1970 Oldenburg alifanya kazi pamoja na Coosje van Bruggen, Mholanzi aliyemwoa mwaka 1977, na waliendelea pamoja hadi mama huyo alipofariki mwaka 2009. Kijiko chao cha Minneapolis, kilichozinduliwa mwaka 1988, kimelala kama daraja juu ya bwawa, kikiwa na urefu wa zaidi ya mita 15, na tunda la cheri lililokaa kwenye ncha yake, ambalo lilikuwa wazo la van Bruggen, hutiririsha maji kutoka kwenye kikonyo. Huko Cleveland wamelaza mhuri mkubwa wa ofisini ulioandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya HURU. Kampuni iliyouagiza ilinunuliwa na nyingine, wenye mali wapya wakaukataa, ukakaa ghalani miaka kadhaa hadi ulipowekwa katika bustani ya umma mwaka 1991. Sisi ambao maisha yetu yamepita kwenye foleni za kusubiri mhuri tungeielewa sanamu ile bila mkalimani.

Najua watu watasema kwamba vitu vikubwa barabarani tayari tunavyo. Ni kweli, nimeona chupa za soda zenye urefu wa ghorofa mbili, lakini zile ni matangazo. Chupa ya tangazo imesimama pale ili ununue, na haijali kama umeitazama vizuri au la. Kibanio cha Philadelphia hakiuzi kitu. Mombasa wana pembe zao za ndovu, zilizosimamishwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, na ni alama ninayoiheshimu, ila nani kati yetu aliwahi kuwa na pembe nyumbani? Pembe zilikuwa bidhaa ya wakubwa, zikipita mabegani mwa wapagazi kwenda melini. Karibu zaidi na ninalolisema ni kile chetezo kikubwa kilichosimama juu ya kilima karibu na Mutrah, mjini Muscat. Waswahili wengi walioko Oman wanakipita kila siku, nao hawahitaji kuambiwa ni kitu gani, kwa sababu cha udongo au cha shaba wanacho sebuleni. Na Nairobi yupo Cyrus Kabiru, anayeunda miwani ya kisanii kutokana na nyaya, vizibo na vyuma vilivyotupwa.

Sasa nirudi kwenye mbuzi yenyewe, kwa sababu waliocheka nadhani hawajaitazama. Ni mbao mbili zilizopishanishwa kama mkasi, moja ikipenya tundu la nyingine, ili zikunjwe na kuegemezwa ukutani. Mbele unatoka ulimi wa chuma uliopinda kidogo kwenda juu, na ncha yake imechongwa meno kwa tupa. Mkunaji hukaa upande upande, miguu ameiweka pamoja, na kifuu huzungushwa kwa viganja viwili huku machicha yakiangukia kwenye sinia. Mbuzi ya mama yangu imebonyea mahali pa kukalia, na ubonyeo huo haupo katikati. Upo kushoto kidogo, kwa sababu ndivyo alivyokaa yeye kwa zaidi ya miaka arobaini. Ikikunjuliwa na kutazamwa kwa ubavu, ina shingo, ina mgongo, ina kichwa kilichoinuliwa kama cha mnyama anayenusa upepo, na bila shaka walioipa jina lile la mbuzi waliliona hilo zamani sana. Sijui umbo jingine la mwambao lililo tayari zaidi kuwa sanamu.

Kuhusu utekelezaji nina maneno machache. Chuma cha kuachwa na kutu hakifai kwetu, kwa sababu hewa ya chumvi hukila hadi ndani. Pembe za Mombasa zilizopo leo ni za alumini na zimestahimili bahari kwa miongo mingi, hivyo mafundi waanzie huko. Matunzo yapangiwe fedha tangu mwanzo. Sanamu ya kijiti cha rangi ya mdomo ambayo Oldenburg aliipeleka katika chuo kikuu cha Yale mwaka 1969 ilichakaa upesi kwa kuwa ncha yake ilikuwa ya plastiki laini, ikabidi iundwe upya kwa vifaa vigumu na kurudishwa mwaka 1974, na hata kile kijiko cha Minneapolis hupakwa rangi upya mara kwa mara. Fedha za kibanio cha Philadelphia zilitokana na utaratibu ulioanza katika mji ule mwaka 1959, unaomtaka anayejenga katika ardhi iliyotolewa na mamlaka ya uendelezaji wa mji atenge angalau asilimia 1 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa ya umma. Halmashauri zetu zinazogawa viwanja kwa wawekezaji zinaweza kuweka sharti kama hilo bila kugusa fedha za dawa wala za madawati.

Ninachoiomba halmashauri ile ni kuufungua upya muhtasari wa kikao, kuliandika pendekezo la yule mama pamoja na mapendekezo mengine, na kabla ya kumwita mchoraji yeyote, kuwaita kwanza wanawake wanaokuna nazi sokoni wamweleze jinsi ulimi unavyopaswa kupinda. Mbuzi ya mama yangu ninayo. Nitaileta siku nitakayoambiwa, ipimwe.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga