Madoa yakipona, mkojo wa mtoto uendelee kupimwa

Mheshimiwa Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, na waliopewa dhamana ya vituo vyetu vya afya, juu ya maradhi yasiyotajwa sana hapa Pemba lakini yaliyoingia nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu wa miaka 6 aliugua mafua, na baada ya wiki mbili akatokwa na madoa miguuni na makalioni, ambayo kwa weusi wa ngozi yake tuliyadhania ni ya mbu mpaka tulipoyapapasa tukayakuta yameinuka, na tukiyabonyeza hayapotei. Vifundo vya miguu vikavimba, tumbo likamsokota. Daktari alitueleza kuwa ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu, ambao siku hizi huitwa IgA vasculitis na zamani ukiitwa kwa majina ya Schönlein na Henoch, madaktari wa Kijerumani. Hauambukizi, bali ni kinga ya mwili inayojikusanya kwenye kuta za mishipa na kuziumiza. Madoa yalipofifia mtoto alirudi skuli na chuo cha Kurani, nasi tukashukuru.

Wiki ya tano mkojo wake ukawa rangi ya chai ya mkandaa. Kituoni alipewa dawa ya kichocho bila ya kupimwa chochote. Naielewa sababu, kwani kichocho tumekijua tangu kwa wazee wetu, na mtoto wa Pemba akikojoa damu kila mtu hukifikiria hicho kwanza. Lakini damu ya kichocho hutoka kwenye kibofu na aghalabu huonekana mwisho wa kukojoa, ilhali figo zikivimba kwa maradhi haya ya mishipa mkojo wote hugeuka rangi, na pengine haugeuki kabisa, damu na protini zikawa zinapita bila ya jicho kuziona na bila ya mtoto kusikia maumivu.

Kiasi cha thuluthi ya watoto wenye maradhi haya huguswa figo, wengi wao ndani ya wiki 4 za mwanzo na takriban wote ndani ya miezi 6. Wengi hupona wenyewe. Wachache figo zao huharibika kwa miaka, na msichana aliyeugua utotoni anafaa kuangaliwa presha atakapobeba mimba. Kumpa mtoto dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, mapema hakuzuii figo kuvimba, kwa hiyo kinga iliyobaki ni kupima.

Ninachoomba si mashine ya mamilioni. Kila kituo kiwe na vijiti vya kupimia mkojo na kipimo cha presha chenye mkanda wa mkono wa mtoto, na mtoto aliyetokwa na madoa hayo aandikiwe kwenye kadi yake tarehe za kurudi kwa miezi 6, hata akiwa anacheza mpira. Wa kwangu yuko mwezi wa nne; presha yake ni nzuri, protini bado ipo kidogo, na Jumatatu anarudi tena.

Wasalaam,
Bibi wa mtoto,
Wete, Pemba