Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chakula cha Masika na Fedha ya Mazao

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mapato na matumizi ya chama mtayasikia kwa mweka hazina, na bei za minada kila mmoja ameshazipata kutoka AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika. Mimi nitazungumzia chungu cha jikoni. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 30. Bado ni watoto watatu katika kila kumi, na sisi wa Mtwara na Lindi, wenye korosho na ufuta, hatuna haki ya kusema hilo ni tatizo la mikoa mingine.

Chanzo kimoja kiko kwenye kalenda yetu. Mahindi, mtama na mbaazi tunavuna kuanzia Mei hadi Agosti, na wakati huo chakula ni rahisi. Fedha ya korosho inaanza kuingia Oktoba au Novemba, chakula kikiwa kimeshapanda bei. Januari inakuja na sare na mahitaji ya shule, Februari na Machi ghala liko tupu, palizi imepamba moto, na mtoto anakula ugali wa muhogo kwa mlenda mara moja kwa siku. Aliyepata fedha nyingi za korosho na akategemea kuzinunulia chakula Januari amenunua kwa bei mbaya kuliko zote za mwaka.

Kwa hiyo kamati imeshikilia ushauri mmoja mwaka mzima, na ninaurudia hapa: fedha ya ufuta ndiyo inunue chakula. Ufuta unauzwa Juni na Julai, mahindi yakiwa rahisi. Kaya inayotumia kilo mbili na nusu za unga kwa siku inahitaji kilo 300 kwa siku 120 za Januari hadi Aprili, yaani magunia matatu ya kilo mia. Yanunuliwe Julai, yafungwe, yasiguswe. Fedha ya korosho ibaki kwa salfa ya mikorosho, shule na ujenzi.

Mahindi ya kuhifadhi miezi sita yanaliwa na dumuzi yakiwekwa kwenye kiroba cha kawaida. Mifuko ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, inaua wadudu bila dawa kwa sababu hewa inawaishia. Haifanyi kazi kwa mahindi mabichi: hayo yataota ukungu humo humo. Pimeni kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili na mahindi mpaka theluthi ya chupa, funika, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, funga kila mfuko peke yake, ukisokota shingo baada ya kuondoa hewa, na uweke juu ya chaga mbali na ukuta. Panya akitoboa tundu moja, kazi yote imepotea. Na anayefungua kila wiki kuchota anawarudishia wadudu hewa. Mfuko wa kula uwe mmoja, mingine ikae imefungwa.

Sasa muhogo, ambao naomba tuuzungumze bila haya. Wengi wetu tunapanda muhogo mchungu kwa sababu nguruwe pori na tumbili hawaupendi. Uchungu huo ni sumu ya sayanidi, na mwaka wa ukame huongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo uliwapata watu wa mkoa wa Mtwara: miguu inakakamaa ghafla na hairudi kuwa kama zamani. Huwapata zaidi watoto na kina mama wa umri wa kuzaa, wanaokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, wiki baada ya wiki, bila mbaazi, dagaa wala yai. Mwili unahitaji protini ili uitoe sumu hiyo. Ndiyo maana suala la muhogo na suala la mbaazi ni suala moja.

Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kuanikwa tu juani, bado yanabaki na sumu nyingi. Kuloweka siku tatu au nne mpaka muhogo ulainike, kisha kuanika, kunaiondoa vizuri zaidi, ila juu huku Newala na Tandahimba maji ya kuloweka ni shida, nasi hatuwezi kumwambia mama abebe ndoo tatu za kulowekea muhogo. Kwa kaya hizo vikundi vyetu vinafundisha kulowesha unga. Tia unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye jamvi safi au turubai kwa unene usiozidi sentimita moja, juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu inaondoka kama hewa. Songa ugali siku hiyohiyo, kwa sababu unga uliolowa ukilala huvunda. Kosa linaloonekana zaidi ni kuutandaza mnene kama mkate ili umalizike kwenye jamvi moja: juu unakuwa salama, chini sumu inabaki.

Upande wa shamba, magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi kahawia bado yanatusumbua. Michirizi ndiyo mibaya zaidi kwa sababu shina laweza kuonekana zima na mizizi ikawa imeoza kwa madoa ya kahawia. Usichukue pingili kwenye shina ambalo hujang'oa na kukata mizizi yake. Wanaotafuta mbegu waulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kwanza kabla ya kununua njiani.

Karanga ni chakula chetu kizuri kuliko vyote kwa uji wa mtoto, na ndizo zinazobeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwa urahisi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi. Hapa kwetu kuna desturi moja inayoileta: kunyunyizia maji karanga zilizokauka ili maganda yalainike wakati wa kubangua. Vidole vinapona, ukungu unapata maji. Naomba kila mwenyekiti wa kikundi alisimamie hili, na mashine za kubangulia za mkono za chama zizunguke vijijini ili asiwepo mwenye sababu ya kunyunyizia.

Kabla ya hapo, ng'oa kwa wakati: pasua maganda ya miche michache, na ndani yakiwa yamegeuka kahawia kwa sehemu kubwa, vuna. Geuza mashina karanga zikae juu, siku tatu hadi tano, kisha zimalizie juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo. Zikauke mpaka ukitikisa ganda unasikia punje zikigonga. Hifadhi na maganda yake. Punje zilizosinyaa, zilizotobolewa au zenye ukungu zichambuliwe na kuzikwa. Kuzisaga kwa ajili ya uji wa lishe kwa kuwa hazina soko ni kumpa mtoto kilichokataliwa na mnunuzi.

Viazi lishe vimepokelewa vizuri. Kiazi kimoja kidogo cha rangi ya chungwa, kama gramu 125, kilichochemshwa, kinampa mtoto mdogo vitamini A ya siku, hasa akila na karanga au tui, maana vitamini hiyo inahitaji mafuta. Tatizo ni mbegu: marando, yaani mashina ya kupandia, yanakauka yote kati ya Julai na Novemba. Njia inayofaa nyanda kavu ni ya mchanga. Wakati wa kuvuna chagua viazi vya wastani visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, vipange kwenye beseni la mchanga mkavu visigusane, vifunikwe mchanga, viwekwe ndani penye ubaridi. Kagua kila mwezi, toa vilivyooza. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vipandikize kitaluni karibu na bafu, nusu mita kati ya kiazi na kiazi, vimwagiliwe maji yaliyofulia au kuoshea vyombo. Mvua ikianza utakata marando ya sentimita 30 na kupanda kwenye matuta, theluthi mbili ndani ya udongo.

Kuku nitawataja kwa kifupi. Chanjo ya I-2 ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, ni tone moja kwenye jicho kwa kila kuku, vifaranga wakiwemo, kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Haimtibu aliyekwisha kuugua, na kichupa kilichofunguliwa kimalizike siku hiyohiyo kikiwa kwenye kitambaa kibichi kivulini. Nyumba moja ikikataa, mdondo una mlango wa kurudi kijijini.

Mbaazi tuzipande kwa ajili ya kula kwanza. India ilipobana uagizaji mwaka 2017 bei ilianguka vibaya, na kaya iliyokuwa na desturi ya kuzipika ilipata hasara ndogo kuliko iliyozitegemea mnadani tu.

Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo mawili. La kwanza, sehemu ya ada inunue mifuko ya PICS kwa jumla ifikapo Mei, wanachama wakopeshwe na walipe ufuta ukiuzwa. La pili, kila kikundi kichague mama mmoja na kijana mmoja wa kuchanja kuku, walipwe na wenye kuku kwa kila tone. Majina yafike kwa katibu kabla hatujaondoka hapa leo.

Mwenyekiti