Mama, mkate wa huku nimeupata

Philadelphia, Marekani

Mama mpenzi, pamoja na dada na wadogo zangu wote,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi huku mzima wa afya, khofu ni juu yenu nyinyi.

Mama, siku ile kwenye simu uliniuliza nnakula nini tangu nihamie mji huu, laini ikawa inakatika hata sikukujibu sawasawa. Leo nakuandikia kwa kituo, dada akusomee.

Watu wa hapa wanapenda sandwichi kupita kiasi, na mashuhuri kuliko zote inaitwa cheesesteak. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930, Pat Olivieri, mtu mwenye asili ya Italia aliyekuwa akiuza mikate ya soseji kusini mwa mji, alikaanga nyama ya ng'ombe akaitia ndani ya mkate, chakula chake mwenyewe. Akapita dereva wa teksi, akaona, akataka na yeye. Jibini imekuja kuongezwa miaka ya baadaye.

Nimesimama mara nyingi kuangalia inavyopikwa. Nyama ya mbavuni inakatwa nyembamba sana, inatupwa juu ya bamba la chuma la moto pamoja na vitunguu, na mpishi anaikatakata kwa miiko ya chuma mpaka kelele unazisikia kutoka barabarani. Jibini inawekwa juu, ikishayeyuka mkate unafunikwa, kisha vyote vinachotwa na kugeuzwa kwa mkupuo mmoja. Wengine wanataka jibini ya majimaji yenye rangi ya chungwa. Mimi hiyo siitaki, inaficha ladha ya nyama. Nnachopenda ni vitunguu vingi na pilipili za achari.

Lakini roho ya kitu chenyewe ni mkate. Mrefu, ganda limekaza kidogo, ndani laini, unanyonya mchuzi wa nyama wala haumegeki. Mama, tangu niondoke Unguja sijala mkate uliolikaribia boflo la asubuhi kama huu.

Najua utauliza nyama imechinjwa vipi. Tulia. Magharibi ya mji, pembeni mwa barabara za 45 na Walnut, pana mkahawa unaitwa Saad's, nyama yake halali, na cheesesteak wanaipika. Mji huu una Waislamu wengi mno, wengi wao Wamarekani weusi, na Ijumaa mitaa ya huko imejaa kanzu na mabuibui. Siku ya kwanza niliyopita nikatolewa salamu na watu nisiowajua, moyo wangu ukatua.

Hao hao ndio walionijulisha hoagie ya samaki. Hoagie ya kawaida ina nyama za nguruwe za kukaushwa, siigusi, ingawa mwaka 1992 ilitangazwa kuwa sandwichi rasmi ya mji. Ya samaki ni nyingine kabisa: samaki anakaangwa mkavu, anatiwa moto moto ndani ya mkate ule ule mrefu. Na baada yake wanauza pai ya maharage meupe yenye mdalasini, tamu, laini, ambayo ningetamani uionje wewe kwanza kabla ya mtu mwengine yeyote nyumbani.

Jumamosi hupita soko la Reading Terminal, lililofunguliwa 1893, kongwe kuliko letu la Darajani la 1904. Huko nanunua mboga, nazunguka, nasikiliza watu wakibishana duka gani bora.

Dada, nina ombi. Samaki yule wanamwekea sosi ya chupa, na mimi naona anastahiki pilipili ya ukwaju ya mama. Niandikie vipimo: ukwaju kiasi gani, thomu ngapi, na kama inachemshwa au inasagwa mbichi. Ukwaju hapa unapatikana kwenye maduka ya Wahindi. Nikishaipika nitampelekea yule mzee anayekaanga samaki, ameshaniahidi kuijaribu.

Nisalimie shangazi na majirani wote.

Mwanao akupendaye